Vyakula vinavyosubiri na visivyosubiri

Anayerudi nyumbani kwa mabasi ya mwendokasi hajui atafika saa ngapi. Ninafanya kazi Posta na kukaa Kimara, hapa Dar es Salaam, na tangu mabasi hayo yaanze mwaka 2016 njia yangu ni ileile, kutoka Kivukoni kwenda juu, kilomita 16 hivi. Siku njema, saa 12:30 jioni nimeshavua viatu. Siku mbaya mabasi yanapita kituoni yamefurika, mvua inanyesha, na nikifika watoto wanasinzia juu ya madaftari. Watu wengi wakizungumzia chakula cha siku za kazi hulalamikia muda wa kupika. Mimi muda wa kupika haunisumbui sana. Kinachonitesa ni kutojua saa ya kuanza.

Kwa hiyo hesabu yangu yote ya jikoni inaanzia kwenye swali moja: chakula hiki kinasubiri, au hakisubiri?

Mke wangu ni muuguzi. Akipangiwa zamu ya asubuhi, jioni jikoni tuko wawili. Akipangiwa ya jioni anafika karibu saa 4 usiku, na ile ya usiku tunapishana mlangoni. Dada aliyekuwa akitusaidia alikwenda kusomea ushonaji, jambo lililotufurahisha sote mpaka Jumatatu ilipofika. Mama mkwe alikuja kutoka Moshi kwa ajili ya matibabu ya magoti, akabaki, ila hawezi kusimama muda mrefu. Watoto ni wawili: binti yuko darasa la sita, na mdogo wake wa kiume ndiyo kwanza ameanza la kwanza. Mpishi wa siku za kazi, mara nyingi, ni mimi.

Kumpikia mama mkwe ni habari inayojitegemea. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa nikijua kwamba mkwe anaheshimiwa kwa umbali kidogo. Naye, kwa Uchagga wake, hakuzoea kumwona mkwe wa kiume amejifunga kanga kiunoni anakatakata vitunguu. Wiki za mwanzo alikuwa akisikia tu mlio wa sufuria, anaanza kujikokota kutoka sebuleni.

"Baba, acha, nitapika mimi."

"Kaa tu mama, nimeshamaliza." Wakati huo hata maji hayajachemka.

Tulivuka hapo siku aliponiomba nimpelekee ungo palepale alipokaa, achambue maharage. Tangu siku hiyo kazi zote za kukaa ni zake: kuchambua mchele na maharage, kumenya vitunguu saumu, kumenya ndizi, kunyofoa majani ya matembele. Mtu akiwa na kazi yake jikoni hana tena haja ya kuingilia ya mwenzake. Isipokuwa chumvi. Kuhusu chumvi mama ana neno kila siku.

Maharage ndiyo yanayobeba wiki yetu, na hupikwa Jumamosi. Nafaka nanunua Tandale, na nimejifunza kumuuliza muuzaji swali moja kabla ya bei: haya ni ya msimu gani? Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto yanakuwa sugu. Utayachemsha mpaka mtungi wa gesi uishe, ganda limeng'ang'ania tu. Tunapenda ya njano kwa sababu yanatoa rojo zito, na kablanketi kwa ladha yake, ingawa rangi yake inawafanya watoto waulize kama mchuzi umechafuka. Ijumaa usiku yanalowekwa. Asubuhi maji yale yanamwagwa, yanawekwa mapya, na hayaongezwi kitu kingine chochote. Nyanya na ndimu zikiingia mapema ganda haliivi, maana uchachu unalifanya ligome. Magadi yanaharakisha kweli, lakini mke wangu hayataki kwa maharage ya kila siku, anasema yanaua vitamini B1. Hapo sibishani na muuguzi.

Jambo jingine alilolitilia mkazo, na ambalo wengi hawalijui, ni kwamba maharage lazima yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayoharibu tumbo, na moto wa chinichini usiofikia kutokota hauiondoi, unaweza hata kuizidisha. Anayeyaacha juu ya jiko la mkaa lililozimika nusu, akitegemea yataiva polepole mpaka jioni, anacheza.

Siku hizi tunatumia jiko la presha la umeme. Mama mkwe aliliita bomu. Kila lilipoanza kutoa mvuke alihamia barazani, na hakurudi mpaka asikie limenyamaza. Ndani ya jiko hilo maji yanavuka nyuzi joto 110, ndiyo maana maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa kama nusu saa. Jiko letu ni la wati 1,000. Kama lingewaka saa nzima bila kupumzika lingekula uniti moja ya umeme, lakini likishajaa presha linazima na kuwaka lenyewe, kwa hiyo maharage ya wiki nzima hayafiki hapo. Umeme ukikatika katikati, haliharibu kitu, linaendelea kuivisha kwa joto lililomo. Sharti lake ni kutojaza zaidi ya nusu, kwa sababu maharage yanatoa povu na povu linaziba tundu la mvuke. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Naunga mkono, mapafu ni mapafu. Lakini kusema kweli, sisi mkaa tuliuacha kwa sababu ya foleni. Mkaa unataka mtu wa kukaa karibu nao, na saa 11 jioni mtu huyo yumo ndani ya basi Magomeni.

Sasa hapa ndipo penye siri, na ilinichukua muda kuiona. Maharage chukuchuku yanasubiri. Maharage yaliyoungwa hayasubiri. Ukiyaunga yote Jumamosi kwa nazi, kwa joto la Dar Jumatatu yananuka, na hata ukiyaweka friji, Jumatano kila mtu ameyachoka kwa sababu ni mboga ileile. Lakini yakiwa yameiva tu, bila chumvi wala kitunguu, yakagawanywa kwenye vikopo vya mlo mmojammoja na kuwekwa friza, yanabaki bila jina. Jina unayapa siku ya kuyala. Jumatatu yanaungwa kwa tui, kama kwetu Tanga. Jumatano mama anataka kiburu, basi ndizi zake alizozimenya akiwa amekaa zinachemshwa pamoja nayo, zinapondwa kidogo, na nyumba inakuwa ya Kilimanjaro. Yakikutana na mahindi yaliyokobolewa ni makande, ambayo watoto wanayapenda yakiwa na karanga. Sufuria ni ya Jumamosi, lakini hakuna anayesema tumerudia. Hata tui lenyewe nalikuna Jumapili, zito nalitia kwenye vikopo vidogo na kuligandisha, kwa sababu mbuzi ya nazi na mtu aliyetoka kazini saa 1 usiku hawapatani.

Kisamvu nacho kinasubiri, tena kinanoga kikilala. Sokoni kinauzwa kikiwa kimeshatwangwa. Nanunua cha kutosha mapishi kadhaa na kukichemsha kwanza bila mfuniko. Majani ya muhogo yana sianidi, ambayo kutwanga kunaiachia na mvuke unaiondoa. Ukifunika unaibana mlemle. Baada ya hapo kinapunguziwa moto na kuendelea mpaka kilainike, kisha friza. Nazi na karanga zinaingia siku ya kuliwa.

Dagaa ndio wafalme wa kusubiri, wanakaa kabatini na hawaulizi. Nawapenda wa Kigoma kwa kuwa ni wasafi. Wa Mwanza ni watamu lakini wengi huanikwa juu ya mchanga, kwa hiyo lazima uwaoshe kwa maji ya moto mara mbilitatu na uwe na subira, kitu ambacho siku ya kazi sina. Kukaanga, kitunguu, nyanya, pilipili hoho, ndimu mwishoni, basi.

Upande wa pili wamo wasiosubiri, na mkubwa wao ni ugali. Ugali wa saa 1 hauliwi saa 3. Unaota ngozi juu, unakakamaa, unatoa jasho chini, na hotpoti inausaidia kwa saa moja tu. Mwanzoni nilikuwa nikimpikia mke wangu na kumfunikia, anaukuta umekuwa jiwe, anakula kimya kwa adabu. Siku hizi simpikii ugali, namwandalia. Unga wa dona umepimwa bakulini, maji yako kwenye chupa ya chai yakiwa ya moto, sufuria ndogo na mwiko viko juu ya jiko. Anasonga mwenyewe wa moto kwa dakika chache, au kama sijalala nasonga mimi naye anavua sare. Hizo dakika za kusonga, yeye ameegemea mlango wa jikoni ananisimulia ya wodini bila kutaja majina ya watu, ndizo karibu mazungumzo yetu yote ya wiki ya zamu ya jioni.

Mchicha hausubiri, lakini unaiva haraka, kwa hiyo hauhitaji kusubiri. Hapo mwokozi wangu ni mama mwenye genge la njiani, anayeniita shemeji ingawa hatuna udugu wowote. Nikifika Ubungo nampigia: "Mama, nifungie mchicha mafungu mawili, nyanya chungu, na bilinganya moja." Ananiwekea, nalipa kwa simu, napita nachukua bila kusimama. Anajitolea hata kukata mboga, na wateja wengi hupenda kuichukua ikiwa imeshakatwa. Mimi nakataa. Mboga ikishakatwa ndipo ikaoshwa, vitamini C inakwenda na maji, na ukizingatia ndoo moja ya maji inavyohudumia genge zima kutwa, afadhali nikate mwenyewe. Sijawahi kumwambia sababu hiyo ya pili. Anajua tu kwamba shemeji wake ana mashauzi.

Wali uko katikati, na ndio uliotuletea ugomvi pekee wa kweli wa jikoni. Nyumba niliyokulia, wali wa usiku uliachwa kwenye sufuria juu ya jiko lililopoa, asubuhi unapashwa na kunywewa chai. Kiporo cha wali wa nazi na chai ya rangi ni kifungua kinywa ambacho sitaacha kukisifu. Mke wangu alipokuja alipiga marufuku. Wodini wanawaona watu wanaotapika usiku baada ya kula wali uliokaa, na kisa chake kina jina: Bacillus cereus. Mbegu za kimelea hicho haziuawi na kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi zinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo kupasha moto hakuiondoi. Niliposema mbona sisi tulikula miaka yote hatukufa, alijibu kwamba wangapi kati yetu waliokuwa wakisema "tumbo limechafuka tu"? Nikakumbuka kaka zangu, nikanyamaza. Tulipatana hivi: wali unaobaki unatandazwa kwenye sinia upoe haraka, unaingia friji kabla hatujalala, na asubuhi unapashwa mpaka utoe mvuke kote. Kiporo changu nikabaki nacho.

Kuna saa moja ambayo vitabu vya mapishi haviizungumzii, nayo ni saa 11 jioni. Watoto wamerudi shule, mimi sijafika, njaa imewabana. Bila mpango wanajaza tumbo kwa biskuti na maandazi ya dukani, kisha chakula cha saa 2 usiku wanakichezea kwa vidole, na wewe uliyesimama kituoni na kusimama jikoni unataka kulia. Tulikuwa tukidhani mdogo ni mbaguzi wa chakula. Mama mkwe ndiye aliyetuambia, "Huyu hana neno, ameshiba tu." Kwa hiyo viazi vitamu au magimbi yanachemshwa asubuhi wakati mimi naoga, yanakaa kwenye hotpoti au hata yakipoa hayana shida. Bibi anawagawia kipande kimoja kimoja na chai ya maziwa, na kwa jambo hilo hana huruma: wakiomba cha pili anawaambia wasubiri baba.

Binti ameanza kujifunza jikoni, na hapo niliweka msimamo kwamba mdogo wake naye ataanza akifikia umri wake. Kwa sasa kijana kazi yake ni kuhesabu sahani na kumimina maji ya kunawa, na anajisikia meneja. Dada yake anaweza kuosha mchele, kukaanga kitunguu bila kukiunguza, na kukagua kama maharage yametolewa friza asubuhi. Ugali bado. Sufuria ya maji yanayotokota na unga unaoruka si ya mtoto anayesimama juu ya kigoda.

Suala la kumwekea asiyekuwepo nimelirithi kwa mama yangu, na nalishika bila kulegeza. Kwetu aliyekuwa bado baharini au dukani alipakuliwa wa kwanza, kabla waliokuwepo hawajanawa. Kipande chake cha samaki kilichaguliwa sufuria ikiwa imejaa. Ukisubiri watu wale ndipo umwekee, unachomwekea ni mabaki, hata kama ni mengi, na mtu anayefika saa 4 usiku akiinua kawa anajua mara moja alifikiriwa saa ngapi. Kwa hiyo siku za zamu ya jioni sahani ya mke wangu inatangulia. Watoto wameshazoea, mdogo hata hukumbusha: "Ya mama je?" Na siku ya samaki, tunaponunua kwenye soko la Feri Jumamosi na kukaanga, kichwa ni cha mama mkwe bila mjadala.

Alhamisi bado sijaipatia dawa. Vikopo vya Jumamosi vinakaribia kuisha, kazini ni siku ya taarifa, na mwili umechoka kwa namna ambayo hata dagaa wanaonekana mbali. Alhamisi nyingi tunakula mayai ya kukaanga na mkate, au nachukua chipsi kwa kijana wa pale kituoni na kuongeza kachumbari ya nyumbani ili dhamiri itulie. Zamani jambo hili lilikuwa likinisononesha, mpaka binti alipoulizwa na shangazi yake anapenda chakula gani cha baba, akajibu bila kufikiri: cha Alhamisi.

Desemba mama mkwe atapanda kwenda kwao, kama Wachagga wote. Ameshaanza kugawa madaraka yake: ungo kwa binti, vitunguu saumu kwangu, chumvi hakumwachia mtu. Na juzi, tukiwa tunasubiri lile bomu lake lishushe presha, aliuliza kwa sauti ya pembeni kama kuna dogo linalouzwa peke yake. Kijijini kwao ni juu mlimani, kiasi cha mita 1,500, ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, na maharage yanakula kuni kutwa. Umeme huko hauaminiki, kwa hiyo tunatafuta lile la kuweka juu ya moto, la lita 5, lenye mpira wa akiba, maana mpira ndio unaokufa kwanza na kupata mwingine huko si rahisi. Mke wangu anasema lita 5 ni nyingi kwa mtu mmoja. Mama anasema nani kamwambia atapika peke yake, majirani wapo.